Bahasha Isiyonuka Gundi

Saa 5:00 asubuhi.

Chumba cha nyuma cha bucha, Kiamaiko. Irungu alichora sanduku mezani kwa chaki.

"Tenda ya njia ya Donholm. Kila mwenye mabasi ameandika nauli yake, akafunga bahasha, akatumbukiza. Nauli ya chini kabisa ndiyo inachukua njia, miaka mitano. Saa saba makarani wanaenda lanchi. Kimeu ndiye askari wa mlango, ni wetu. Wekulo anafungua, ananipa ya chini. Nampigia Phares, mwenye mabasi anayetulipa, anashusha kidogo, analeta yake kabla bahasha hazijafunguliwa saa nane."

Wekulo, fundi wa viatu vya akala wa Kariokor, alitazama chaki. Bahasha mojawapo ilikuwa ya dada yake Nasike, mjane mwenye watoto wanne na mabasi mawili makuukuu. Akiikosa njia, mabasi yanauzwa kama vyuma chakavu. Nauli yake alimnong'oneza Jumapili baada ya kanisa: shilingi kumi. Wekulo angekataa kazi hii, angetumwa mwingine asiyejua huruma.

"Mbona unatoa jasho, buda?"

"Joto."

"Ukinichezea, sikuulizi mara mbili."

Saa 7:12 mchana.

Kimeu alifungua mlango wa ofisi ya tenda, Irungu akasimama dirishani akilinda nje. Bahasha nne. Wekulo alipenyeza kisu cha kukatia ngozi. Kumi na tatu. Kumi na mbili. Kumi na moja. Ya nne ilikuwa na mwandiko wa Nasike, nayo akairudisha ndani bila kuigusa kwa kisu.

Irungu alikuwa amenunua gundi ya ofisini. Wekulo aliidharau, gundi ya makarani haishiki hata unyoya. Alitoa kopo lake la gundi ya viatu, akazifunga tatu zile kifundi.

"Ya chini?"

"Kumi na moja."

"Umeona zote nne?"

"Zote." Phares angeshuka kidogo tu chini ya kumi na moja, na kumi ya Nasike ingeshinda.

Saa 8:00.

Ukumbi ulijaa wenye mabasi. Irungu na Wekulo walisimama nyuma, bega kwa bega. Bi Waruguru, msimamizi wa tenda, aliinua bahasha ya kwanza, akasita, akaisogeza puani.

"Hii inanuka gundi ya fundi viatu."

Wekulo aliganda. Miaka kumi na miwili ya kazi ilikuwa imemuua pua.

Waruguru alinusa zote. "Tatu zimefunguliwa. Ya Phares imeletwa baada ya lanchi. Iliyokuwemo na haikuguswa ni moja tu." Akaisoma. "Nasike, shilingi kumi. Mama, nani alikufungulia sanduku uchungulie za wenzako na kubadilisha yako?"

Polisi wawili walimsogelea. Nasike aligeuka kutafuta msaada, macho yake yakatua kwenye mikono ya kaka yake, myeusi kwa gundi. Alielewa. Kisha akatazama pembeni.

"Simjui mtu," alisema.

Pingu zilitolewa. Irungu alikuwa ameyafuata macho ya Nasike hadi kwa Wekulo.

"Kumbe ni sista yako," Irungu alinong'ona, mdomo wa bastola mbavuni mwa Wekulo. "Wacha karao wambebe. Fungua mdomo, nikufunge mimi."

Wekulo alianza kutembea. Alipita katikati ya viti, polepole, hadi mezani, akamnyooshea Waruguru viganja vyote viwili.

"Nusa hapa, mama. Yake sikuigusa. Njia ni yake."

Nasike alipiga kelele akiita jina lake. Wekulo alisikia bastola ikikokiwa nyuma yake, na hakushusha mikono.