Wavu Tumboni mwa Mama

Mkahawa wa hospitali ulikuwa umefurika mchana ule. Kiti pekee kilichobaki kilitazamana na dada mmoja mwenye koti jeupe lililomzidi na hereni za kijani zilizochezacheza kila alipogeuza kichwa. Fundi wa sweta aliketi. Alikuwa amemleta mama yake kliniki na njaa ilimkwangua, lakini macho yake yaliganda kwenye kijitambaa alichokiinua yule dada dirishani.

"Samahani, dada'angu. Aliyefuma hicho alikuwa na haraka. Tazama pembeni, matundu yamebanana."

"Wewe nani?"

"Mtu wa sweta. Mwaka wa kumi na mbili huu niko na mashine ya kufuma."

"Basi sogea karibu, Mtu wa Sweta."

Ulikuwa wavu wa upasuaji, ule unaoshonwa ndani ya tumbo la mwenye ngiri kuziba palipolegea. Kazi ya dada, kwenye maabara ya ghorofa ya juu, ilikuwa kuotesha seli hai juu ya nyuzi zake.

"Za nini tena?"

"Mwili una wivu, kaka. Ukiletewa mgeni wa plastiki, unamzungushia kovu gumu, mwenye tumbo anabaki na maumivu. Lakini mgeni akija amevikwa seli za mwenye mwili, huenda akapokelewa kama ndugu."

"Huenda?"

"Ndiyo ninayoitafuta hiyo huenda."

Chakula kikapoa. Mama yake fundi alikuwa na wavu kama huo, na kwa miaka mitatu hakuweza kuinama kufunga viatu.

Tangu siku hiyo simu hazikukauka.

"Seli zangu zimeamkaje?" fundi huuliza.

"Zimekunywa chai kabla yako, mpenzi. Na ni zangu, si zako!"

Mama akafanyiwa upasuaji, wavu wa zamani ukatolewa. Mwezi mmoja baadaye fundi alipanda hadi maabara kumchukua mpenzi wake wakale. Rafuni akaona chupa: *Wavu uliotolewa. Mwanamke, miaka 61.* Tarehe ilikuwa ile ile ya upasuaji wa mama.

"Huu ni wa mama?"

"Ndiyo, ila nisikilize..."

"Kumbe mimi nilikuwa daraja tu! Ulimpenda nani, mimi au kovu la mama?"

Akashuka ngazi mbilimbili. Siku tisa simu iliita, hakupokea.

Siku ya kumi mama, akikunja nguo, akauliza, "Mkwe wangu yuko wapi?"

"Usimtaje. Alichukua kitu chako bila..."

"Bila nini? Nilitia saini kwa mkono wangu, wavu na kipande cha mafuta ya tumbo, aoteshe seli zake. Alinisomea karatasi mara mbili. Akaniambia wazi, mimi sitafaidi, labda watakaokuja. Niliyesema usiambiwe ni mimi, maana unanibeba kama yai."

"Mama!"

"Mama nini? Tumbo ni la nani?"

Hasira ikayeyuka, aibu ikachukua nafasi yake. Akapiga simu akiwa anapanda ngazi za maabara.

"Nina kazi," sauti ikasema.

"Niko mlangoni."

"Vaa vifuniko vya viatu kwanza."

Dada hakumkumbatia. Alimwonyesha hadubini tu. Fundi akainamisha jicho: juu ya nyuzi, vitu virefu vyembamba vilikuwa vimenyoosha vidole.

"Ni za mama yako. Zimeshika."

"Ungeniambia."

"Siri ya mgonjwa siitoi. Ila ningekwambia kwamba ipo siri. Hapo nilikosea."

"Mimi nilikosea zaidi." Jicho lake halikuondoka kwenye kioo. "Nataka kujua zitakuwaje kesho. Na mwakani. Na wewe utakuwaje. Utakubali nikuoe?"

"Usiniulize nikiwa na bomba mkononi! Zikikosa chakula zinakufa."

Akadondosha maji ya lishe kwenye vikombe ishirini na vinne, kimoja kimoja, bila haraka. Fundi alisimama akisubiri. Hatimaye dada akavirudisha kwenye kabati la joto, akalifunga, akavua glavu moja, akavua ya pili, akamsogelea.

"Sasa," akasema, "uliza tena. Polepole, nisikie vizuri."