Shimo Lisilotajwa Kwenye Muswada

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alifagia ua, akasuuza vikombe, kisha akamjazia baba yake ndoo ya maji ya kunawa. Ndoo hiyo ndiyo iliyomtesa. Maji yakishatulia, aliona kama kuna mtu anamtazama kutoka chini. Basi aligeuza uso upesi, akaifunika kwa sinia, akaondoka bila kuangalia nyuma.

Zamani hakuwa hivyo. Jina la Chiriku alipewa na majirani kwa sababu ya domo lake. Akianza kusimulia, hata redio ya jirani ilionekana kama imenyamaza. Lakini mvua za mwaka uliopita zilimchukua mdogo wake. Mtoto huyo waliyezoea kumwita Pengo, kwa sababu meno yake ya mbele yalikuwa yameng'oka, alikimbilia mpira wa matambara nyuma ya nyumba, akateleza, akaanguka kwenye shimo la udongo lililojaa maji. Tangu siku hiyo maneno yalimkauka Chiriku kooni.

Shimo lilikuwa la baba. Baba alikuwa mfyatua matofali, na katika mtaa wao hakuna mfyatua matofali aliyefukia shimo lake. Ukishachimba udongo, mvua hulijaza, na maji hayo ndiyo ya kukandia udongo wa msimu unaofuata. Hapakuwa na bomba karibu. Baada ya msiba, baba alilizungushia shimo matawi ya miiba, akaacha uwazi mdogo wa kupita. Kila siku aliendelea kuchota humo, ila alichota akiwa ameangalia pembeni.

Ndani ya nyumba, hakuna aliyelitaja shimo wala mtoto. Mama bado alizidisha sahani moja wakati wa kupakua, kisha akashtuka na kuirudisha kabatini kimya kimya. Chiriku bado aliruka sehemu ya mkeka alipokuwa akilala Pengo, asije akamkanyaga. Na mara nyingine, mchana kweupe, alisikia nyayo zilizolowa zikimfuata: chap, chap, chap. Akigeuka, sakafu ni kavu.

Jambo moja tu lilimtia moyo. Mwalimu wao wa uraia, mwanamke mpole aliyependa kuwafundisha wanafunzi kwa kuwaonyesha mambo yenyewe, aliwaambia kwamba muswada kuhusu mashimo yaliyoachwa wazi utafikishwa Bungeni, na darasa lao litakwenda kutazama. Muswada, alisema, ni sheria ambayo bado haijawa sheria. Chiriku aliingoja siku hiyo kama mgonjwa anavyongoja kuche. "Watasema juu yake," alijiambia. "Watasema, halafu watayafukia yote."

Siku ilipofika, mlinzi mzee mwenye glavu nyeupe aliwapokea kwenye ngazi za roshani ya wageni.

"Wajukuu zangu, huku juu ni macho na masikio tu," alisema. "Midomo mnaiacha hapa kwangu. Mtaichukua mkitoka."

"Na mtu akitaka kupiga chafya, babu?" aliuliza mvulana mmoja mchekeshaji.

"Apige kwa adabu, mheshimiwa."

Wote walicheka, isipokuwa Chiriku. Alikuwa ameshauona ukumbi kule chini. Zulia lake nene lilimeza vishindo vya miguu, watu wakawa wanapita kama vivuli. Katikati palikuwa na meza ndefu iliyosuguliwa mpaka taa za darini zikaonekana zinaelea ndani yake. Kwake yeye, ile haikuwa meza. Ilikuwa maji yaliyotulia. Alishika ukuta wa roshani kwa mikono miwili.

Katibu wa Bunge, aliyevaa joho jeusi, alisimama mbele ya meza ile akasoma: "Muswada wa Sheria ya Usalama wa Machimbo Yaliyoachwa." Akaketi.

Chiriku aliinama mbele, akasubiri maneno yafuate.

Spika, mama wa makamo mwenye miwani, alisema, "Muswada umesomwa kwa mara ya kwanza. Naupeleka kwenye Kamati ya Ardhi na Mazingira." Kisha akafunua karatasi nyingine na kuita jambo jingine. Mbunge mmoja alimnong'oneza mwenzake, wakatabasamu. Imekwisha. Hakuna aliyeuliza, hakuna aliyeguna.

Hapo Chiriku akasikia nyayo nyuma ya mabenchi. Chap, chap, chap.

Alijikuta amesimama. Sauti yake, iliyokuwa imejificha muda wote ule, ilitoka kwa nguvu iliyomshtua hata yeye mwenyewe. "Mbona hamsemi kitu? Mbona mnamzika tena?"

Ukumbi mzima uligeuka kutazama juu. Mwalimu alijishika kichwa. Chiriku alingoja kukemewa, maana alijua amekosa. Spika alimtazama juu ya miwani yake, kisha akasema taratibu, "Mgeni wetu mdogo atolewe nje, apatiwe maji ya kunywa." Yule mlinzi mzee alikuja, akamshika mkono badala ya kumkamata. "Twende, mjukuu wangu. Polepole, hapa pana ngazi."

Alimkalisha kwenye kiti chake mwenyewe pale nje ya ukumbi. Mwalimu alitoka mbio akakaa karibu naye. Punde akatokea mwanamke aliyebeba mafaili. Alikuwa karani wa ile Kamati ya Ardhi na Mazingira, na alikuwa amesikia kila kitu. Aliweka mafaili sakafuni, akachuchumaa mbele ya Chiriku.

"Nani amezikwa, mwanangu?"

Chiriku alisimulia kwa vipandevipande, akilia. Karani hakumharakisha.

"Sasa nisikilize," alisema mwishoni. "Mgeni akibisha hodi kwenu, mnamhoji akiwa bado mlangoni?"

"Hapana. Anakaribishwa kwanza."

"Basi leo muswada umebisha hodi. Umetaja jina lake tu, ndiyo maana hakuna aliyeujadili. Spika ameangalia unahusu nini. Ungekuwa wa magonjwa, angeupeleka Kamati ya Afya. Huu ni wa ardhi, kwa hiyo unakuja kwetu. Kamatini wabunge huwa wachache na meza ni ndogo. Huko ndiko unakokalishwa ukaulizwa kila kitu, na wananchi huja kusema yao. Tukimaliza, unarudi humo ndani, na hapo wabunge wote watabishana mpaka sauti ziwapotee."

"Kwa hiyo haujafa?"

"Ufe? Hata kiti haujapewa bado!"

Kwa mara ya kwanza tangu msiba, midomo ya Chiriku ilitaka kucheka. Karani akampa mwalimu nakala ya muswada, naye akausoma kwa sauti. Alipofika mahali palipoeleza neno "machimbo", Chiriku alimzuia.

"Rudia hapo, Mwalimu."

"Machimbo maana yake ni mahali ambapo kampuni ilichimba mawe au madini."

"Na udongo?"

Karani alichukua karatasi, akapitisha kidole kwenye mistari. "Udongo haumo."

"Basi shimo letu halimo," alisema Chiriku.

"Bado linaweza kuingizwa. Wiki ijayo kamati itasikiliza wananchi. Njoo na mzazi wako, uwaambie wenyewe."

Mchana ule Chiriku alimkuta baba yake akikanda udongo kwa miguu. Alimweleza yote bila kupumzika. Baba hakusimama, aliendelea kukanyaga, kwa nguvu zaidi.

"Unataka kumwanika baba yako juani kama tofali bichi?" alisema. "Wakubwa wanitazame waseme, ndiye huyu? Na wenzangu mtaani, wote wana mashimo. Watatuona maadui."

Mama alikuwa amesimama mlangoni na ungo mkononi. "Mume wangu," alisema, "mtoto wetu hakuanguka kwenye machimbo ya kampuni."

Tangu msiba, hiyo ndiyo mara ya kwanza mama kumtaja mtoto yule. Baba aliganda, udongo umemfika magotini. Alikaa hivyo mpaka matope yakaanza kumkaukia. Kisha akatoka, akanawa miguu.

"Nitakupeleka," alimwambia Chiriku bila kumtazama. "Useme habari za mashimo. Ila usinitaje."

Chumba cha kamati kilikuwa kidogo kweli. Wabunge walikaa kuzunguka meza, karani pembeni, wananchi kwenye viti vya ukutani. Baba alikaa kiti cha mwisho kabisa, kofia magotini. Mwenyekiti wa kamati, mzee mwenye sauti ya mafua, alimkaribisha Chiriku akamwekea glasi ya maji.

Chiriku alieleza jinsi mtaa wao unavyochimba udongo, jinsi mashimo yanavyojaa, jinsi mdogo wake alivyoteleza. Alisema vizuri. Kisha mbunge mmoja mwembamba, mwenye uso mkavu, akaegemea mbele.

"Binti, pole sana. Lakini hatuwezi kuandika kifungu kwa kusikia tu. Shimo hilo ni la nani? Pengo... si ndivyo ulivyomwita? Alianguka kwenye shimo la nani?"

Jibu la uongo lilikuwa karibu, tena jepesi. Angesema la kampuni, wangemwamini. Angesema hajui, baba angekuwa salama. Aliitazama glasi, maji yalikuwa yametulia, na macho yale yakamtazama kutoka chini. Akasikia nyayo zinakuja. Safari hii hazikusimama nyuma yake. Zilisimama ubavuni, kama mtoto anayengoja kushikwa mkono avuke barabara. Akiwaambia ni la kampuni, kifungu kitabaki kilivyo, na mashimo ya mtaani yatabaki wazi, yakingoja mtoto mwingine.

"Baba, nisamehe," alisema kwa sauti ndogo. Kisha akainua uso. "Si la kampuni. Ni la baba yangu. Naye si mtu mbaya. Halifukii kwa sababu hatuna maji mengine ya kukandia udongo. Mtaa mzima ndivyo unavyofanya."

 Nyuma, kiti kilikwaruza sakafu. Baba alikuwa amesimama.

"Mwanangu amesema kweli," alisema. "Ni mimi niliyelichimba."

Mwenyekiti hakumlaumu. "Ndugu yangu, ungepata maji kwingine, ungelifukia?"

"Siku hiyo hiyo." Aliikunja kofia yake. "Kwani ni nani anayependa kuchota maji mahali alipofia mwanawe?"

 Yule mbunge mwenye uso mkavu aliinuka, akajaza glasi, akaizunguka meza yote kumpelekea baba kwa mikono yake mwenyewe. Alivuta kiti, akakaa karibu naye, akaanza kumwuliza mambo ya kazi: shimo huwa na kina gani, tanuri zipo wapi, bomba likiwekwa wapi litawafaa wote. Karani aliandika kila neno.

Muswada uliporudi Bungeni, ulikuwa na kifungu kipya. Mashimo ya udongo yaliingizwa, na halmashauri zikatakiwa kuwafikishia maji wafyatua matofali kabla ya kuwaamuru wafukie. Chiriku na wazazi wake walikuwa kwenye roshani. Mara hii wabunge walibishana kweli. Wengine walisema gharama ni kubwa, wengine wakapinga neno moja tu kwa muda mrefu. Chiriku aliuma midomo asiseme kitu. Spika alipouliza wanaokubali, sauti ya "Ndiyo!" ilijaa ukumbi, na mama akamkumbatia mwanawe.

Bomba lilipoanza kutoa maji mtaani, baba hakungoja kuamriwa. Aliondoa miiba, akaanza kufukia. Chiriku aliogopa majirani wangewasusa kwa yale aliyoyasema kamatini. Badala yake, mfyatua matofali wa nyumba ya pili alikuja na mkokoteni wa matofali yaliyovunjika. "Haya yamenijazia ua tu," alisema, akamwaga. Baada yake akaja mwingine na koleo, na mwingine na udongo. Hakuna aliyeitwa.

Shimo lilipokuwa sawa na ardhi, mama aliketi juu ya udongo mpya, akapumua.

"Mnakumbuka Pengo alivyomtia kuku kwenye begi la shule?" alisema ghafla. "Eti naye akajifunze kuhesabu mayai yake."

Chiriku aliangua kicheko, mama akacheka huku anafuta macho, hata majirani wakacheka. Jina la mtoto lilikuwa limetajwa kwao tena, na halikumtisha mtu.

Baba aliegemea koleo lake mpaka kicheko kikatulia. "Chiriku, mwanangu," alisema, "nilikuambia usinitaje kwa sababu niliogopa aibu. Kumbe kunyamaza ndiko kulikokuwa kunanila. Ukweli uliousema uliniuma siku moja tu, pale mbele ya wale wabunge. Kuuficha kuliniuma kila nilipoinama kuchota maji. Kesho na keshokutwa, ukiona jambo linaloweza kumdhuru mtu, liseme, hata kama linatoka nyumbani kwako. Usingelitaja shimo letu, nani angejua lipo? Na lisilojulikana, mwanangu, halifukiwi."