Taya la Raihana

Raihana ni fundi cherehani wa mtaa wa Nyakabanda. Mikono miwili haikumtosha, akaufanya mdomo wake mkono wa tatu. Pini alizishika kwa meno. Uzi aliukata kwa meno, tena upande wa kushoto tu, kwa sababu jino la kulia lilimuuma tangu Ramadhani. Hata chakula alikitafunia huko huko kushoto.

Taya likaanza kulia, ka, ka. Kwenye kioo cha wateja aliona kidevu kikienda kushoto kila alipofungua mdomo. Kisha siku moja, akiwa katikati ya kuimba kaswida, mdomo ukakwama wazi kwa dakika kadhaa. Raihana aliogopa kwelikweli. Arusi ya mdogo wake ilikuwa baada ya miezi miwili, na yeye ndiye kiongozi wa kaswida.

"Iko mzee mumoja kule Kabuga, anavutaka mataya," alisema mteja wake, Nyiramana. "Mara moja tu, inarudi."

Raihana alianza kufunga duka aende. Mlangoni akakutana na jirani yake Mukarugwiza, mhudumu wa kliniki ya meno, aliyekulia Tanzania, akamweleza anakokwenda.

"Dada, kabla hujavutwa, kaa hapa kwenye kioo," alisema Mukarugwiza. Akaweka vidole mbele ya masikio ya Raihana. "Fungua polepole. Taya lina viungo viwili, kimoja kila upande. Ukifungua mdomo, vyote huteleza mbele. Cha kulia kinateleza. Cha kushoto kinabaki nyuma, ndiyo maana kidevu kinakwenda kushoto."

Raihana alivuta droo yake ya vifungo. Upande mmoja ulikwama, droo ikatoka mshazari.

"Iko kama hii?"

"Ndiyo hiyo hiyo. Na ukiivuta kwa nguvu?"

"Inavunjika," alijibu Raihana. Kwa yule mzee wa Kabuga hakwenda.

Alikwenda kliniki. Daktari alipima viungo, akatibu jino, akamfundisha zoezi. Asubuhi na jioni Raihana alikaa mbele ya kioo, ncha ya ulimi ikigusa kaakaa, akafungua mdomo polepole, kidevu kikishuka wima. Mwanzoni alichoka akataka kuacha, lakini hakuacha. Alikula vyakula laini, akatafunia pande zote. Mkasi mdogo aliufunga kwa utepe shingoni, wateja wakamcheka.

"Chekeni," alisema. "Mimi nataka kuimba."

Siku ya arusi, uzi ulining'inia kwenye gauni la bibi arusi.

"Kata na meno, dada, watu wanangoja," alisema mdogo wake.

"Wangoje."

Raihana alishika mkasi wake akaukata uzi. Kidevu chake bado kiliegemea kushoto kidogo, lakini daktari alikwisha kumwambia kwamba hakuna uso uliolingana sawasawa pande zote. Alisimama mbele ya wanawake, akafungua mdomo, akaimba kaswida hadi ubeti wa mwisho. Taya halikulia hata mara moja.