Ithibitishwe

Jua lilikuwa limekwisha kuzama nyuma ya maghorofa, na taa za barabarani zilikuwa hazijawaka, Wakili alipoingia katika duka la kuchapisha kuchukua kitabu chake cha wiki. Ndio uliokuwa utaratibu wake wa kila Alhamisi. Waandishi wa kujitegemea, wale wanaojiandikia, wakajichapia, wakajiuzia wenyewe hadithi zao za kutisha, humwachia nakala dukani hapo. Yeye huzisoma, kisha huandika maoni yake katika jarida la klabu ya wasomaji.

"Karibu, mheshimiwa," mwenye duka alisema bila kuinua macho kwenye mashine. "Juzi umempiga mchawi wa watu kifungo cha maisha."

"Sikumfunga. Niliuliza tu: ikiwa sura ya pili anapita ukutani, kwa nini sura ya tisa anabisha hodi?"

"Labda ana adabu!"

Walicheka wote wawili. Mwenye duka akamkabidhi kijitabu chembamba, chenye jalada jeupe, ambacho bado kilikuwa na joto la mashine. Hakikuwa na jina la mwandishi. Kiliitwa *Msikilizaji*.

Ni haki kueleza msimamo wake hapa, maana wapo waliomsingizia kwamba alizichukia hadithi hizo. Hakuzichukia. Alizipenda kuliko vitabu vya mashirika makubwa. Mwandishi wa kujitegemea, alipata kuandika, hana mhariri wa kumshika mkono. Hiyo ndiyo fahari yake na ndiyo aibu yake. Huthubutu pale wengine wanapoogopa, kisha huharibu kwa nukta nyingi, radi isiyo na mvua, na vicheko vya "ha ha ha" makaburini. Hofu, kwa maoni yake, haikuhitaji jeneza. Ilihitaji kitu kimoja kidogo kilichokosewa mahali ambapo kila kitu kingine ni sahihi.

Na kila alipokuta dai lisilo na msingi, aliandika pambizoni, kwa penseli, neno moja alilotoka nalo mahakamani: *Ithibitishwe*.

Nyumbani, mama yake alikuwa akimngoja kwenye kiti cha kamba. Mama huyo alikuwa mwalimu wa lugha, miaka thelathini na mitano chaki mkononi, kabla macho hayajamzimikia. Siku hizi kumbukumbu nayo ilikuwa imeanza kumwagika kama maji kwenye pakacha. Alisahau dawa, alisahau siku, na humwita binti yake kwa majina ya mashangazi watatu kabla ya kulipata lake. Lakini hadithi alizifuata neno kwa neno. Penye uongo, alisonya. Maoni mengi ya Wakili yaliyosifiwa kule klabuni yalikuwa, kusema kweli, misonyo ya mama yake iliyovishwa suti.

"Umeleta jini au mchawi leo?"

"Sijui bado, Mama. Tusikilize."

Wakili alikaa mezani, penye taa, akimpa mama mgongo kama ilivyokuwa kawaida yao. Akaanza kusoma.

Kilikuwa kitabu kizuri. Alilikiri hilo mapema, kwa mashaka. Kilisimulia habari za mwanamke anayemsomea mama yake kipofu. Wakili aliinua nyusi. Bila shaka mwandishi alikuwa mwanaklabu anayeijua nyumba yake. Hakukuwa na radi wala kicheko. Kurasa kumi na sita zilipita, na kiti cha kamba nyuma yake hakikutoa msonyo hata mmoja.

Chini ya ukurasa wa kumi na sita palikuwa na sentensi hii:

*Msomaji atakapofungua ukurasa unaofuata, anayemsikiliza hatakuwa yule aliyeanza naye.*

"Loo! Hapo ameteleza," alisema Wakili, akachukua penseli. "Dai tupu. Naandika: ithibitishwe."

Nyuma yake, mama akacheka kidogo.

"Miaka yote hiyo nakusikia na neno hilo, nakunyamazia. Ukitaka kusema jambo halina ushahidi, sema *halijathibitishwa*. Hilo lako si lalamiko, mwanangu. Ni amri."

"Mama, na wewe na sarufi zako..."

"Ni amri. Sasa unamwamuru nani?"

Wakili alitabasamu.

Akafunua ukurasa.

Kiti cha kamba kililia mara moja, kama vile mtu amenyanyuka.

Kikalia tena. Kama vile mtu amekaa.

Harufu ya dawa ya kuchua, iliyokuwa sehemu ya chumba kile kama kuta zake, haikuwapo. Badala yake ilikuja harufu nyingine... karatasi mpya, yenye joto, iliyotoka mashineni sasa hivi.

"Mama?"

Akaita tena.

"Mama!"

"Nipo, mwanangu. Soma."

Sauti ilikuwa yake. Aligeuka. Uso ulikuwa wake. Kovu la kidevuni lilikuwa mahali pake. Khanga ilikuwa ile ile. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Mbele ya hakimu yeyote, shauri lingekwisha hapo.

Lakini Wakili hakuwa mtu wa kuacha shahidi bila kumhoji.

"Mama," alinong'ona, "siku ya kwanza ya shule nilivaa viatu gani?"

Swali hilo alilijua vizuri. Mama alikuwa akilijibu kila mara kivingine: mara viatu vyekundu, mara ndara, mara miguu mitupu, na kila mara akiapa.

"Viatu vya bluu vya kaka yako," jibu likaja bila kusita. "Tulivijaza karatasi mbele. Ilikuwa Jumatatu. Ulilia hadi getini, ukanyamaza ulipomwona mbwa."

Yote yalikuwa kweli.

Akauliza la pili. La tano. La kumi. Majibu yalishuka yakiwa yamenyooka, na tarehe zake. Na Wakili, ambaye kwa miaka ishirini alikuwa amewafundisha vijana wa ofisini kwake kwamba shahidi anayekumbuka kila kitu ni shahidi aliyefundishwa, aliacha kuuliza.

Asubuhi alimpigia kaka yake simu.

"Anakumbuka kila kitu?" kaka alipaza sauti kwa furaha. "Dada, mshukuru Mungu! Wenzio wanalia wazazi wanawasahau, wewe unalia wa kwako amekukumbuka?"

Akaenda dukani.

"Kitabu kile kiliachwa na nani?"

"Mama mmoja mtu mzima, mpole," alisema mwenye duka. "Alisimama hapo nikikichapa mpaka kikaisha. Alisema mnajuana. Eti uliwahi kumuuliza swali kizimbani, akakosa jibu."

Wakili alishika meza. Alimkumbuka. Lilikuwa shauri la mirathi, miaka tisa nyuma. Mjane aliapa kwamba mwanamume aliyerudi kutoka hospitali na kutia sahihi wasia hakuwa mumewe. Mume wangu alikuwa msahaulifu, alisema, huyu hasahau. Na yeye, Wakili, akasimama, akaweka sawa joho lake: "Kwa hiyo, Mama, ushahidi wako wote ni kwamba mumeo amepona?" Mahakama nzima iliangua kicheko. Mjane aliteremka kizimbani akishikilia ukuta.

Hilo lilieleza sababu. Halikueleza kitu kingine chochote.

Aliporudi, alimkuta yule aliye kwenye kiti akiwa ameelekeza uso mlangoni.

"Umechelewa dakika kumi na mbili," alisema kwa upole, na akamwita kwa jina lake, la kwanza na la pekee, bila kupitia kwa shangazi yeyote.

Wakili akasimama kizingitini akiyapima mambo mawili, kama alivyopima kila dai maishani mwake. Ikiwa huyu ni mama, basi yeye ni binti asiye na shukrani, na kosa hilo huombewa radhi. Lakini ikiwa siye... basi mama yuko mahali fulani, kipofu, bila dawa, hajui ni siku gani, akiita majina ya mashangazi mmoja baada ya mwingine. Na hakuna atakayemtafuta, kwa maana mbele ya ulimwengu wote hajapotea. Shahidi wa kupotea kwake ni mmoja tu, naye hana hata kielelezo kimoja.

"Ingia, mwanangu. Mbona umesimama mlangoni?"

Mahali fulani, mbali sana au ndani ya kuta zile zile, alidhani alisikia mtu akisonya.

Akasikiliza tena.

Hakikusikika kitu. Halijathibitishwa, alijiambia.

Akaingia, akafunga mlango, akambusu yule mwanamke kwenye paji la uso.