Koti Lililolala Dagoretti

Kama kuna kinachomtia kinyaa mtu mwenye digrii mpya, ni foleni ya fotokopi pale Moi Avenue mwezi wa Julai. Watu thelathini na bahasha zao za kaki, wamebanana katika chumba kisicho na dirisha, wanapumuliana shingoni. Nanjala alikuwa ameziba pua kwa leso. Sketi yake nyeusi ilikuwa imenyooka, lakini viatu alikuwa ameazima kwa shangazi yake wa Woodley, alikokuwa akiishi, na vilimbana. Mbele yake alisimama kijana mrefu mwenye shati jeupe pe, ananukia marashi kupita kiasi.

"Hiyo marashi umeoga ama umekunywa?" Nanjala alimuuliza.

"Nimeoga. Ya kunywa iliisha jana." Akampisha mbele. "Naitwa Mungai. Nafanya kwa ofisi huko Upper Hill."

"Nanjala. Niko na intavyu hukohuko, Jumatatu ya wiki ijayo."

Wiki nzima walipigiana simu kila jioni.

"Tuambie kidogo kuhusu wewe," Mungai alikuwa akisema, amekaza sauti kama bosi.

"Mimi ni Nanjala na naskia njaa."

"Tayari umefukuzwa. Jibu vizuri, mrembo. Na usiseme udhaifu wako ni kufanya kazi sana, kila mtu husema hivyo."

"Haya yote umejulia wapi?"

"Ofisini."

Uongo mtupu. Mungai alikuwa amehojiwa mara kumi na tisa na kukataliwa mara kumi na tisa. Digrii yake ya botania ilikuwa chini ya godoro, naye alikuwa akiosha matumbo ya ng'ombe katika kichinjio cha Dagoretti. Kabla ya kwenda mjini alijisugua kwa ndimu mpaka ngozi ikawasha.

Jumapili, baada ya kanisa, stima ikapotea Woodley, na koti la mitumba walilochagua pamoja Jumamosi kwa ajili ya intavyu lilikuwa limejikunja vibaya.

"Nipee hiyo koti," Mungai akasema. "Niko na pasi ya makaa."

Asubuhi walikutana kwenye geti la jumba la Upper Hill. Koti lilikuwa limenyooka kuliko la waziri. Nanjala akalivaa, akalivua papo hapo.

"Mungai, hii ni nini? Inanuka damu. Inanuka matumbo."

Mungai akanusa mkono wa koti, akanusa tena. "Niliianika dirishani ipate hewa safi," akasema polepole. "Mimi siskiangi tena hiyo harufu." Kisha akamwambia yote, hata kwamba dirisha la chumba chake linatazamana na kichinjio, askari wa geti akisikiliza bila haya.

"Wiki mzima unanidanganya. Toka hapa, nitatapika." Akamtupia koti, akaingia na blauzi tupu.

Kati ya maswali yote aliyojiandalia, hakuulizwa hata moja. Mwenyekiti, mzee wa suti ya bei, alikuwa akichokonoa meno, macho yake kwenye vifungo vya blauzi ya Nanjala. Wenzake wawili waliinamia karatasi.

"Masomo yako ni sawa," mzee akasema. "Lakini hii maneno hatuwezi kumalizia hapa. Jioni tukule mahali, mimi na wewe tu. Ndio nijue kama unafaa."

Akatabasamu, uzi wa nyama ukining'inia kwenye jino. Hata mimi ninayesimulia namwandika nikiwa nimekunja pua. Nanjala alikuwa amengoja kazi miezi kumi na mmoja, na mamake kule Bungoma alishalitangazia kanisa zima habari za intavyu hiyo. Kichefuchefu cha getini kilimrudia, ila sasa hakikuwa na harufu. Akaokota bahasha yake.

"Unaenda wapi? Hatujamaliza."

"Nimeacha koti yangu kwa geti."

Kwenye ngazi akapiga simu. "Uko wapi?"

"Kwa geti," Mungai akajibu. "Singeenda na koti yako."

Alipomsimulia, Mungai alitaka kuingia ndani. Nanjala akamshika shati.

"Wachana na yeye. Lete koti, naskia baridi."

"Lakini inanuka, Nanjala."

"Sana. Na ukinidanganya tena, hata kidogo, hatujuani." Akalivaa, akafunga vifungo vyote mpaka shingoni, akatema mate kando. "Leo unaingia job saa ngapi?"

"Saa sita."

"Basi twende," Nanjala akasema, akivua vile viatu vya shangazi. "Nataka kuona hiyo dirisha."