Kabati Mbele ya Dirisha

Tangu asubuhi mke wa seremala alikuwa roho juu. Alifagia ukumbi, akaufagia tena. Alitandika kitanda cha mama mkwe wake, akakitandua, akakitandika upya. Mthamini wa nyumba alikuwa njiani. Yeye ndiye angesema nyumba yao ina thamani gani.

Walitaka kuiuza wahamie karibu na hospitali, maana kifua kilikuwa kinambana mama mkwe kila akilala. Lakini isipohesabiwa kuwa na vyumba vinne vya kulala, wasingepata bei ya kununua nyingine ya kuwatosha wote.

"Baba watoto, una hakika atahesabu vinne?"

"Punguza presha, mke wangu," seremala alisema. "Chumba cha kulala ni kabati. Akiliona lile la mama, nililolitengeneza mwenyewe, atapiga saluti!"

Kabati lenyewe lilijaza ukuta mzima, kutoka sakafuni hadi darini. Seremala alilisifu kuliko watoto wake.

Mthamini akafika, mama mmoja mpole mwenye futi mkononi. Akapima huku mke wa seremala anamfuata unyounyo. Walipomaliza chumba cha mama mkwe, akasema, "Naona vyumba vitatu vya kulala, na hii stoo."

"Stoo? Mama yetu analala humu!"

"Najua, dada yangu. Lakini kitanda hakigeuzi stoo kuwa chumba cha kulala. Wala kabati."

"Sasa kinatakiwa nini?"

"Sheria hutofautiana, kwa hiyo ulizeni ofisi ya ujenzi ya hapa kwenu. Ila kwa kawaida, kitanda kitoshe na mtu apate pa kupita. Dari isimwinamishe mtu kichwa. Mtu asilazimike kupitia chumba cha mwenzake. Na kubwa zaidi, kuwe na dirisha linalofunguka nje, linaloingiza mwanga na hewa, na mtu mzima aweze kutokea." Akamgeukia mama mkwe. "Mama, moto ukiwaka hapo mlangoni, utatokea wapi?"

Mama mkwe akakohoa kwanza. "Nitajikunja kabatini kama shuka, mwanangu."

Hakuna aliyecheka. Mke wa seremala alizitazama kuta zote nne za chumba. Siku zote hizo alihangaikia bei, kumbe wamemlaza mama ndani ya sanduku. Aliona aibu, na hofu ikamshika.

"Baba watoto, nyuma ya kabati kuna nini?"

Seremala akakuna kichwa. "Dirisha. Kabati lisingeenea."

Siku hiyohiyo alilibomoa kabati kwa mikono yake, akinung'unika kila msumari. Alipoulizia ofisi ya ujenzi, wakamwambia dirisha ni dogo. Akalipanua, akaweka fremu mpya inayofunguka kwa mkono mmoja.

Mthamini akarudi. Akalifungua dirisha, akalipima, akatabasamu. "Vinne."

Mke wa seremala alitoka mbio kumpelekea mama mkwe habari. Alimkuta kitandani, amelala usingizi wa mchana, upepo unamchezea upindo wa kanga. Akasimama mlangoni, akisubiri kikohozi. Hakikuja.

Seremala akamfuata. "Haya, mizigo tunafunga lini?"

"Sss! Msikilize mama anavyopumua." Machozi yalimlengalenga. "Hospitali tutaendelea kumpeleka. Lakini nyumba hii, baba watoto, haiuzwi tena."