Onja Wewe Kwanza

"Pipa la sumu limeingia. Usiliguse."

Kifaa cha Motorola kilikwaruza sikioni mwa Hafidha, chini ya mtandio. Alijifanya anapepea mkaa.

"Liko kwa nani?" akanong'ona.

"Hatujui. Mtafute muuzaji, kisha tulia. Tunamtaka tajiri wake. Anashuka na boti baada ya adhuhuri."

"Na hawa watu, mkuu? Kengele ya kuonja inalia saa nne."

Kifaa kilikwaruza tena. Kisha Mikdad, mkuu wa operesheni, aliyejikalia zake kwenye kiyoyozi Dar es Salaam, akasema, "Watakaoumia tutawapeleka hospitali."

Hospitali! Hafidha nusura akitupe kile kifaa jikoni pamoja na mishikaki.

Hapo palikuwa kambi ya ufukweni, kaskazini ya mji wa Bagamoyo. Tamasha la pombe za nyumbani. Watu walikuwa wamepiga mahema tangu jana, na wapikaji walitoka kila pembe ya nchi na mapipa yao. Hafidha, askari kanzu, binti wa mtaa wa Dunda mjini hapo aliyekhitimu msahafu angali mdogo, alikuwa katikati yao na jiko la mishikaki na Glock chini ya boksi la barafu.

"Dada wa mtandio, penye pombe umefuata nini?" jamaa mmoja akamtania.

"Nimefuata njaa zenu."

Uongo mtupu. Alimfuata aliyempofusha mdogo wake.

Abdulazizi alikuwa dereva wa lori. Alikunywa pombe ya mgeni mmoja Lugoba, gizani, nyuma ya malori. Aliamka mchana kweupe akauliza, "Dada, mbona mmezima taa?" Wenzake hawakuamka kabisa. Ilikuwa methanoli, spiriti ya viwandani inayoingizwa kwa magendo na kutiwa kwenye pombe ili ipande kichwani upesi. Ndugu wakasema ndiyo malipo ya mlevi. Shenzi! Hafidha hakubishana nao. Alimnawisha mdogo wake uso, akarudi kazini.

Abdulazizi hakuiona sura ya yule mgeni. Alikumbuka jambo moja tu. "Hakuonja, dada. Niliona, nikaona haya kumwambia."

Maana mpika pombe huonja kwanza, mbele ya mgeni, watu waone hamna sumu. Ndiyo desturi. Mpika pombe wa kweli haiachi desturi hiyo hata akiwa na homa.

Wakubwa walikuwa wamempa Hafidha kipimo cha kisasa cha kunusa kilevi. Kwenye tamasha la pombe! Kililia kila alipopita, akakizima kwa hasira.

Kengele ikalia.

Akabeba sinia la mishikaki, akapita meza kwa meza. Mama wa mbege kutoka Moshi alichota kata, akapiga funda, akajifuta mdomo, ndipo akamimina. Mzee wa ulanzi vilevile. Kijana wa dengelua alionja mara mbili, akazomewa kwa uroho.

Meza ya mwisho ilikuwa na bango kubwa: Tembo la Sufiani. Mwenyewe mtanashati, Ray-Ban usoni, na foleni ya watu wakimsifu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu je, alikuwa amelitia kifo?

Akamjazia bilauri msichana wa mbele.

"Mgeni kwanza," akasema kwa tabasamu.

Hakuonja.

"Meza ya tembo," Hafidha akanong'ona. "Anaitwa Sufiani."

"Safi sana. Sasa kaa mbali naye. Hiyo ni amri."

Msichana akainua bilauri.

Amri gani hiyo, ya kutazama watu wakipofuka? Hafidha alikichomoa kifaa sikioni, akaipiga bilauri kwa sinia. Tembo likamwagika mchangani.

"We dada, una wazimu?" msichana akafoka.

Hafidha hakumtazama. Alijaza bilauri nyingine kutoka pipa lilelile, akamnyooshea Sufiani.

"Onja wewe kwanza."

Sufiani akacheka. "Mimi situmii, dada yangu. Mwislamu kama wewe."

"Mimi nauza mishikaki. Wewe umepika pombe. Usiyeonja, umejuaje kama imeiva?"

Watu walicheka. Kisha hawakucheka tena.

"Aonje!" mama wa mbege akapaza sauti. "Pombe haigawiwi hivyo, mwanangu!"

"Aonje! Aonje!"

Mkono wa Sufiani ukaingia chini ya meza, ukatoka na Beretta.

Hafidha aliipiga meza teke. Pipa likamwangukia yule bwana miguuni, risasi ikaenda mbinguni. Sufiani akatimua mbio kati ya mahema, akichechemea, akitazama nyuma. Hakuiona kamba ya hema. Ilimkwaza, akapiga mdomo chini, na bastola ikaruka mbali.

Hafidha akamfikia, akamwekea goti mgongoni. Alikuwa ameacha Glock yake kwenye boksi. Bilauri alikuwa nayo, na ndani yake yalibaki mafunda kadhaa.

Akamgeuza, akaileta bilauri mdomoni pake. Wallahi, alitamani kuimimina yote.

"Boti inashuka wapi?"

Sufiani alifumba mdomo, machozi yakamtoka. Alipoufungua, aligeuza uso pembeni. "Mto Ruvu! Pale unapoingilia baharini! Mapipa yote yamo, na tajiri mwenyewe yumo! Toa hicho kitu, dada, nakuomba!"

Hafidha akaimwaga mchangani.

"Mkuu," alisema, kifaa amekirudisha sikioni, "boti inashukia mto Ruvu unapoingilia baharini. Tuma polisi wanamaji."

"Umevunja amri yangu!"

"Nimevunja. Na hospitali hajaenda mtu."

Boti ilikamatwa kabla ya alasiri, tajiri akiwa ameketi juu ya mapipa. Mama wa mbege alichota kata, akaonja, akamletea Hafidha kwa mikono miwili.

"Ahsante, mama. Mimi kweli situmii."

Akapiga simu nyumbani.

"Umempata?" Abdulazizi akauliza.

"Nimempata."

"Ameonja?"

"Amelia ili asionje."



"Kumbe alijua ni sumu," Abdulazizi akasema.

Hafidha alimwambia anakuja, akayaficha macho kwa miwani ya jua, akaliacha jiko likiwaka, akaenda barabarani kutafuta bodaboda ya kwenda Dunda.